Kitambi na Kisu: Mhadhara juu ya Mafuta ya Mwili na Upasuaji wa Saratani ya Tumbo



Neno kitambi, ambalo mitaani halitumiki ila kwa kumtania mtu aliyeshiba miaka mingi, lina maana nyingine mbili ambazo wazee wa pwani walizijua, nami baada ya kushika kisu muda mrefu nimeziona zina elimu kuliko mizani zetu za hospitali: kitambi ni kipande cha nguo cha kujifunga, na kitambi ni ule utando wa mafuta unaoonekana mbuzi anapopasuliwa, umetandwa juu ya matumbo kama shuka. Mwanadamu naye anao, umening'inia kutoka ukingo wa chini wa mfuko wa chakula, na mpasuaji anayekwenda kuuondoa mfuko ulioingiwa na saratani hukutana nao kwanza.

Theodor Billroth wa Vienna, aliyefaulu tarehe 29 Januari 1881 kukata sehemu ya tumbo lenye saratani na kuunganisha iliyobaki, hakusumbuliwa na mafuta, kwani mgonjwa wake, mama wa miaka 43, alikuwa amekonda kwa kutapika. Warithi wake wana kazi nzito zaidi: pamoja na tumbo huyafuata matezi ya limfu yaliyojipanga kandokando ya mishipa mikubwa ya damu, kwa kanuni walizoziratibu Wajapani, na matezi hayo yamezama ndani ya mafuta. Tazameni mahali penyewe. Kongosho ni la manjano hafifu, na mafuta yanayolizunguka ni manjano vilevile. Kwa mtu mwembamba mpaka wake huonekana, bali kwa mwenye kitambi kizito koleo huteleza, damu huchirizika usipopaona, na ncha ya chombo ikilidonoa kongosho kidogo tu, maji yake, ambayo Mola ameyaumba yayeyushe nyama tuliyoila, huanza kuyeyusha nyama ya mwenyewe. Usaha hutunga, na ole wake mgonjwa ikiwa maji hayo yameufikia mshipa wa damu. Ndiyo maana kwa wenye mafuta mengi ya ndani kazi huchukua saa nyingi zaidi, damu humwagika zaidi, na madhara ya baada ya upasuaji huwa mengi.

Kosa letu ni kuyapima haya kwa mizani. Ile hesabu ya kugawa kilo kwa kimo kilichozidishwa kwa chenyewe asili yake ni Adolphe Quetelet wa Ubelgiji, mwanafalaki na mtu wa takwimu wa karne ya 19, ambaye hakuwa tabibu wala hakukusudia kumpima mgonjwa mmoja mmoja. Wekeni mbele yenu picha mbili za CT zilizokatwa usawa wa kitovu, za watu wawili wenye uzito mmoja na kimo kimoja. Mafuta katika picha hizo ni meusi: huyu weusi wake umemzunguka nje, chini ya ngozi, kama koti, yule koti lake ni jepesi, lakini weusi umejaa ndani, baina ya matumbo. Mizani imewaita ndugu. Wajapani huupima weusi huo wa ndani, nao ukifika sentimita za mraba 100 humhesabu mtu kuwa amezidisha.

Lakini, hadhirina, jambo hili lina upande wa pili unaotutia haya sisi tunaopenda hukumu za haraka. Katika uchunguzi mwingi wanene kiasi hawakufa mapema kuliko wembamba, na pengine waliishi zaidi. Sehemu ya sababu ni kwamba wembamba mwingine ni kazi ya saratani yenyewe, imekwisha kumla mtu kabla hajatufikia. Na sehemu ni kwamba aliyeondolewa tumbo zima hula kidogo kidogo, hupungua sana miezi ya mwanzo, na mwenye akiba huitumia. Nimhofiaye hasa ni yule ambaye chini ya mafuta yake misuli imekwisha kunyauka, naye kwa macho anaonekana ana siha.

Kwa hiyo wanafunzi wangu, kabla ya kumpandisha mgonjwa juu ya mizani, nimewazoeza kumwuliza: mkanda wako, baba, tangu mwaka jana umerudi nyuma matundu mangapi?