Hata kusikiliza kuna kipimo

Ndugu wasikilizaji, juma hili nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu tunalo nyumbani na kazini, lakini tunaona haya kulitaja. Ni habari ya mtu ambaye kila akija kwako hukuacha hoi kama uliyelima shamba zima, ingawa hamkufanya lolote ila kuzungumza.

Simsemi mwenye shida. Aliyefiwa atalia leo, atalia kesho, na atalia hata baada ya arobaini, na jirani mwema atakaa naye mkekani. Mgonjwa, awe wa mwili au wa akili, anahitaji mtu wa kumfikisha hospitali, si mtu wa kumkimbia. Ninayemsema ni mwingine.

Tuchukue mfano wa mama fundi cherehani anayeshona barazani kwake. Kila asubuhi jirani huja, huvuta kigoda na kuanza: wifi kasema hivi, mume kafanya vile, mwenye nyumba kamwonea. Ni kisa kile kile cha mwaka jana. Fundi akitoa ushauri, unakataliwa. Akisema kwamba mwanawe amelala na homa, anajibiwa, "Afadhali wewe, mwenzio mimi..." na kisa kinaendelea. Saa tano mgeni anaondoka mwepesi. Fundi anabaki na kichwa kizito, nguo za watu hazijashonwa, na jioni watoto wake mwenyewe wakimwita anawakaripia bure.

Hizo ndizo dalili. Mwenye shida hutafuta njia ya kutoka, lakini huyu hutafuta masikio tu. Mwenye shida hukumbuka kuuliza hali yako, lakini huyu hana nafasi ya hali yako. Na ukimwambia leo una kazi, mwenye shida husema samahani, lakini huyu hukasirika.

Uchovu huo si uvivu wala si roho mbaya. Mwaka 1974 Herbert Freudenberger, mtaalamu wa saikolojia wa New York, aliandika juu ya watu waliofanya kazi katika zahanati za bure na kuishiwa nguvu kwa kubeba shida za wengine. Aligundua kwamba wale wenye moyo mkubwa wa kusaidia ndio walio katika hatari zaidi. Mwaka 1983 mtaalamu wa elimu ya jamii, Arlie Hochschild, naye wa Marekani, alitoa kitabu kilichotokana na kuchunguza, pamoja na wengine, wahudumu wa ndege. Alionyesha kwamba kutabasamu na kuvumilia ghadhabu za abiria ni kazi kamili, ingawa haitoi jasho.

Wapo watakaosema: hayo ni mambo ya Wazungu, sisi tuna undugu wetu. Nami nawajibu kwamba mipaka tunayo, tena ya tangu zamani. Adabu ya Mwambao ni kupiga hodi mara tatu. Usipoitikiwa, unarudi ulikotoka, wala hununi. Mwenye nyumba hakukutukana. Hakuwa na nafasi tu. Tatizo la siku hizi ni kwamba simu ya mkononi haipigi hodi. Inalia saa sita ya usiku, na usipoipokea, kesho unaulizwa una nini.

Tena tunayo methali: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwalimu Nyerere aliitumia katika andiko lake la Ujamaa la mwaka 1962, akaeleza kwamba mgeni mwenyewe ndiye aliyeweza kuliomba jembe kabla hajapewa, kwa kuwa alijua wajibu wake. Wazee hawakusema mgeni afukuzwe. Walisema ashiriki kazi.

Basi na huyu wa maneno tumpe jembe. Jembe lake ni swali moja: "Sasa wewe mwenyewe umeamua kufanya nini?" Ulize kwa upole, kisha nyamaza. Kama ni ugomvi wa ndoa, mwelekeze kwa wazee au ofisi ya ustawi wa jamii. Kama ni mwenye nyumba, aende serikali ya mtaa. Akirudi na kisa kile kile, uliza tena swali lile lile.

Pili, taja muda kabla maneno hayajaanza. Fundi wetu anaweza kusema, "Karibu, Mama Zuhura. Leo nina nguo tatu za harusi, nikimaliza alasiri nitakuja kwako tukae." Hapo hakuna tusi wala uongo. Ila alasiri aende kweli, maana ahadi isiyotimizwa ni kufukuza kwa mlango wa nyuma.

Kuna wale tusioweza kuwaambia neno "basi": mama mzazi, mama mkwe, mkubwa wa ukoo. Hapo mtu mmoja asibebe peke yake. Ndugu wagawane zamu za kumsikiliza, na neno zito lipitie kwa shangazi au mtu mzima mwingine anayeheshimiwa. Hiyo ndiyo kazi ya ukoo.

Atanuna? Huenda akanuna. Mvumilie kama ulivyovumilia maneno yake, na usikimbilie kuomba radhi kwa kosa ambalo hukulifanya. Rafiki wa kweli atanuna siku mbili, halafu atarudi. Asiyerudi kabisa amekuonyesha alichokuwa anakifuata.

Lakini, ndugu wasikilizaji, kabla hatujamnyooshea jirani kidole, kila mmoja wetu ajipime. Ni lini mara ya mwisho ulipomwuliza mwenzako habari za nyumbani, ukangoja jibu lake hadi mwisho, bila kuingiza kisa chako? Kama hukumbuki, huenda wewe ndiye unayezungumzwa leo katika baraza ya mtu mwingine. Dawa yake ni rahisi: kesho piga hodi, ukikaribishwa uliza hali, kisha sikiliza.

Tukijaliwa, tukutane juma lijalo. Kwaherini.