Vazi la Mwanamke Kazini na Macho Yanayolitazama



Tarehe 1 Juni 2021, katika ukumbi wa Bunge mjini Dodoma, mbunge mmoja mwanamume alisimama kulalamikia suruali aliyoivaa mbunge wa Momba, Bi. Condester Sichalwe, naye Spika, Bwana Job Ndugai, akamwamuru bibi huyo atoke nje akavae vizuri ndipo arejee. Na haukupita muda wabunge wanawake kadhaa wakadai mwenzao aombwe radhi. Vazi lilikuwa moja, hukumu zikawa mbili, na tofauti hiyo ndiyo maudhui ya mada yangu.

Jambo lenyewe si geni kwetu. Operesheni Vijana, iliyoanzishwa na vijana wa TANU mwezi Januari 1969, ilipiga vita sketi fupi, mawigi na suruali za kubana, na walioadhirika zaidi barabarani Dar es Salaam walikuwa wanawake.

Wala tusidhani kwamba stara peke yake ndiyo asili ya hitilafu hii. Huko Marekani, mwaka 1982, Ann Hopkins alipendekezwa kuwa mshirika katika kampuni ya wahasibu ya Price Waterhouse, akiwa mwanamke pekee miongoni mwa watu 88. Uamuzi juu yake ulipoahirishwa, alinasihiwa na mmoja wa wakuu wake kwamba atembee kike, avae kike, ajipake vipodozi na kujipamba kwa vito, hata Mahakama ya Juu, mwaka 1989, ikakiri kuwa kumpima mtumishi kwa dhana za namna hiyo ni ubaguzi wa jinsia. Yule wa Dodoma alilaumiwa kwa umbo lake kuonekana, huyu wa Marekani kwa uanauke wake kutoonekana. Na katika hali zote mbili kipimo kilikuwa raha au karaha ya mtazamaji.

Lazima nikiri kwa insafu kwamba mwanamke naye humkagua mwenzake, na pengine kwa ukali uliopita wa mwanamume. Lakini aghalabu yeye hutazama mengine: kama kitambaa kitastahimili jasho na msukumano wa daladala, kama sketi itamruhusu kuinama kwenye kabati la majalada bila kuishika kwa mkono, kama vazi lasadifu umri na cheo, na kama mshahara wa karani waweza kulinunua.

Tazameni mabango yaliyobandikwa kwenye malango ya ofisi zetu, yenye picha za mavazi yaliyopigwa msalaba mwekundu: picha nyingi ni za wanawake, na wanawake wengi hutembea na khanga mkobani, kwa tahadhari ya bawabu. Naisihi semina hii iwatake wakuu wa idara wasipitishe kanuni yoyote ya mavazi kabla haijasomwa na kujadiliwa na makarani, wauguzi na walimu wa kike watakaoivaa kutwa nzima.