Ofisi Yenye Mwanga wa Jua

Mwalimu na aandike ubaoni maneno haya matatu: DIRISHA, UPENU, CHOKAA. Leo tutajifunza namna ya kujenga ofisi isiyohitaji taa mchana.

Labda mtauliza, "Mchana mweupe, taa ya nini?" Sikilizeni. Zamani nilifanya kazi katika ofisi moja ya matofali mazuri. Madirisha yake makubwa yalielekea magharibi. Ikifika saa tisa jua lilituingia machoni, na chumba kikawa kama tanuri. Tukafunga mapazia. Kukawa giza, tukawasha taa. Joto likazidi, tukawasha feni. Jua la bure lilikuwa nje, nasi ndani tukilipia umeme kila mwezi. Kosa hilo lilifanywa siku ile ulipopimwa msingi. Na nyumba ikisha kujengwa, haigeuzwi kama kiti.

Kwa hiyo ninyi mlio katika kamati ya kujenga ofisi ya kijiji au ya chama cha ushirika, shikeni mambo manne kabla ya kuchimba msingi.

Kwanza, mwelekeo. Asubuhi na jioni jua huwa chini, na miale yake huingia ndani moja kwa moja. Adhuhuri huwa juu sana. Basi kuta ndefu zielekee kaskazini na kusini, na madirisha yawe huko. Kuta za mashariki na magharibi ziwe fupi, bila madirisha makubwa.

Pili, upenu. Paa litokeze nje ya ukuta kiasi cha mita 1. Jua kali la mchana litazuiwa, lakini mwanga wa anga utaingia.

Tatu, upana. Pimeni kutoka sakafuni mpaka juu ya dirisha. Mwanga wa kutosha kusomea hufika ndani kiasi cha mara 2 ya kipimo hicho. Kikiwa mita 2 na nusu, mwanga utafika kama mita 5. Mkiweka madirisha pande zote mbili, chumba kinaweza kuwa na upana wa mita 10. Kikizidi hapo, katikati patakuwa na giza.

Nne, chokaa. Ukuta mweupe huurudisha mwanga chumbani. Ukuta mweusi huumeza.

Msidhani haya ni mambo ya vijijini tu. Huko Gigiri, Nairobi, Umoja wa Mataifa ulifungua mwaka 2011 ofisi ya watu wapatao 1,200. Katikati ya majengo pana ua wenye paa linalopitisha mwanga, na juu ya mapaa mna paneli za kugeuza jua kuwa umeme.

Sasa kazi yenu. Tazameni hapo mlipo. Dirisha lenu linaelekea wapi? Kivuli cha mkono wako kinaanguka juu ya daftari? Anayeandika kwa mkono wa kulia, dirisha na liwe kushoto kwake. Geuzeni meza leo hii. Kazi hiyo haina gharama. Kisha andikeni sentensi tatu juu ya ofisi ambayo mngependa kuijenga, mkitumia maneno yaliyo ubaoni.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.