Mafuta na Yai la Ngege

Msikilizaji, mvua ikinyesha Kampala, mfereji wa Nakivubo hubeba kila kilichomwagwa mjini. Oili chafu ya magereji huingia humo, hupita eneo la viwanda, ikaishia ghuba ya Murchison, upande wa Luzira. Kwa kuwa hatuoni samaki waliokufa wakielea, tunaendelea na shughuli zetu.

Mimi natazama yai. Ngege jike huatamia mayai yake kinywani, kwenye maji ya kina kifupi, akiyapitishia maji mpaka yaanguliwe. Moyo ni kati ya viungo vya kwanza kufanya kazi ndani ya yai la samaki. Tafiti za samaki wa aina mbalimbali zimeonyesha kwamba kemikali za mafuta ghafi, hata zikiwa kidogo mno, huuvuruga moyo huo: hudunda polepole, maji huuzunguka, umbo lake hupinda. Vifaranga vingi hufa. Anayenusurika huonekana mzima, kumbe moyo wake ni dhaifu, hana mbio, na huenda akaliwa kabla hajazaa.

Machi 1989 meli ya Exxon Valdez ilipasuka huko Alaska, ikamwaga takriban lita milioni 40. Miaka 4 baadaye, mayai ya samoni yalikuwa bado yanakufa kupita kawaida kwenye vijito vilivyochafuliwa, maana mafuta yalikuwa yamejificha chini ya changarawe. Wataalamu wakachukua mayai mengine, wakayaweka kwenye maji yenye mafuta kidogo, kisha wakaachilia samaki wake baharini. Waliorudi wakiwa wakubwa walikuwa wachache kuliko wenzao waliokulia maji safi.

Sasa tuje Ziwa Albert. Kwenye mradi wa mafuta wa Kingfisher, wilayani Kikuube, visima vinaanzia ufukweni kwenda chini ya ziwa. Mradi wa Tilenga una visima ndani ya mbuga ya Murchison Falls, jirani na delta ya Nile, ambako samaki wa ziwa hilo huzaliana. Nasikia watu wakisema mafuta yetu yana nta, huganda yakipoa, kwa hiyo yatazolewa tu. Kuganda yanaganda; ndiyo maana bomba la mafuta la kwenda Tanga, kilomita 1,443, limebuniwa kupashwa moto. Lakini donge lililonasa kwenye matete ya mazalia, nani atalifikia?

Naiomba serikali mayai na vifaranga vihesabiwe kabla ya ajali yoyote, kuanzia Buliisa hadi Kikuube, na wataalamu wa samaki wa Jinja wapewe fedha za kurudia hesabu hiyo kila mwaka. Matokeo yasomwe mialoni, kwa lugha za wavuvi. Mafuta yakimwagika, faili la fidia lisifungwe mpaka vizazi kadhaa vya samaki vipimwe. Bila hesabu hiyo, mvuvi wa Butiaba atakuja kuambiwa athibitishe mwenyewe, nyavu zikiwa tupu, kwamba samaki wake waliharibikia kwenye yai miaka 4 iliyopita. Atathibitisha kwa kitu gani?