Maji ya mvua yasipotee bure



Mvua ikinyesha Bukavu, wote tunaangalia juu, ku Kadutu, kama nyumba zingali zimesimama. Maji yanashuka na udongo na plastiki, yanaingia mu ziwa, na zile chupa zinaenda kuziba mashini za umeme za Ruzizi. Halafu mwezi wa sita, mama mwenye kulima lengalenga anapanda mulima na bidon ku kichwa!

Kuko mji uliokataa hasara hiyo: Salisbury, Australia ya Kusini. Maji ya mvua yanapitishwa mu mabwawa yenye matete, yanasafishika, yanaingizwa mu miamba chini ya udongo. Wakati wa joto yanatolewa kwa kumwagilia bustani na viwanja vya mashule. Mji wenyewe ndio unayauza.

Sisi tusiige ovyo. Bwawa ku milima yetu ni kuita maporomoko. Lakini mapaa tunayo. Paa la shule la meta 500 za mraba, mvua ya milimita 10 tu, ni litri 5.000. Ni bidon 250, wandugu!

Tunaomba mji, mashule na wakulima watie sahihi ku karatasi moja: nani ananunua tanki, nani anasafisha mufereji, nani anapata maji kiangazi. Ibandikwe ku mulango wa komine. Ahadi za mdomo tulishapewa nyingi.

Mwenye kuwa na meta ya kupimia abaki kisha mkutano. Tunaanza na mapaa ya mashule ya Kadutu.