Mugonjwa wa Moyo Anapashwa Kutembea

Mbele ya kupima watoto kilo, tusikilizane kidogo juu ya moyo.

Wengi kati yenu muko na mugonjwa wa moyo nyumbani: baba ambaye damu yake inapanda, mutoto aliyepata homa ya viungo, ao mama ambaye moyo wake ulilegea kisha kuzaa. Mutamujua namna gani? Akipanda kilima anakosa pumzi. Miguu inavimba. Usiku hawezi kulala bila kuinua kichwa juu ya mito mingi.

Mutu wa namna ile, jamaa inamwambia nini? «Wewe ulale tu, usiguse kitu.» Wanasema vile kwa upendo. Hata waganga walifundisha vile zamani: mutu aliyeshikwa na moyo kwa gafula alilazwa kitandani majuma mengi. Katika mwaka 1952 madaktari wawili wa Marekani, Levine na Lown, waliandika kwamba ni heri kumukalisha katika kiti. Tangu hapo mawazo yalianza kubadilika.

Mama mumoja alishikwa na moyo kisha kuzaa. Dawa ilimusaidia, miguu ikapunguka. Lakini alibaki kitandani miezi mitano, na kufika chooni hakuweza bila kushikwa mukono. Mama mukwe wake alilia: «Moyo wake unakufa.» Tulimupima. Moyo haukuzidi kuharibika. Ni miguu iliyokonda! Tukamwanzisha pole pole: toka mulango mpaka muti wa embe, na kurudi. Kisha miezi ine alikuja kliniki kwa miguu yake mwenyewe, na mutoto alibebwa mugongoni na mama mukwe. (Mama kama huyu asibebe mimba ingine mbele ya kuuliza munganga. Ni hatari kubwa.)

Sababu gani kutembea kunasaidia? Moyo ni pompe ya damu. Nyama ya miguu ikikaa bila kazi inalegea, haijui tena kutumia vizuri hewa iliyo ndani ya damu. Basi kwa kazi ndogo tu inaomba damu nyingi, na moyo unachoka. Miguu iliyozoea kutembea inapunguzia moyo muzigo.

Kule Italia, madaktari walifuata wagonjwa 123 wenye moyo zaifu kwa miaka 10. Kundi moja lilifanya mazoezi mara mbili kila juma mbele ya macho ya waganga, lingine hapana. Matokeo yaliandikwa mwaka 2012: wale wa mazoezi walibaki na nguvu zaidi, walilazwa hospitali mara chache zaidi, na kati yao waliokufa kwa moyo walikuwa wachache zaidi. Lakini angalieni: ni miaka kumi, si juma moja! Mazoezi ni kama chakula. Ulichokula mwaka jana hakikushibishi leo.

Mufanye hivi:

1. Kwanza munganga amupime na kumupa ruhusa. Wengine mulango wa moyo umefungana. Wale wangoje shauri lake.
2. Aanze na dakika 5, njia ya tambarare, wakati jua si kali. Aongeze kidogo kidogo mpaka dakika 30, karibu siku 5 kwa juma.
3. Akitembea, aweze kuzungumza. Akishindwa kumaliza neno, apunguze mwendo.
4. Aanze pole, amalize pole. Asisimame gafula.
5. Siku ya homa apumzike. Asitembee mara moja kisha kula sana.
6. Asiache dawa hata kama anasikia nguvu. Na mutoto mwenye homa ya viungo asikose shindano lake la kila mwezi.

Tena, musidanganyike: kubeba bidon ya litre 20 ao muzigo wa kuni si mazoezi ya mugonjwa. Muzigo muzito unamufanya azuie pumzi, na moyo unateseka. Mwache atembee mikono mitupu. Bidon ibebwe na wengine.

Asimame na kuletwa kwetu mbio kama kifua kinauma, kama anazimia, ao kama anakosa pumzi hata akikaa. Mumulete pia kama miguu inavimba tena, ao kilo zake zinapanda 2 katika siku tatu: ni maji yanajaa mwilini.

Wamama, mwili ni zawadi ya Mungu, hata mwili mugonjwa. Kumupenda mugonjwa si kumufunga kitandani. Ni kuamka naye asubuhi na kumwambia: «Twende, nitatembea pamoja nawe.»

Maulizo ya kuzungumza nyumbani:
— Kwetu, nani atatembea na mugonjwa kila siku?
— Nani atabeba maji pahali pake?