Rangi ya Yai na Tabia ya Tetea

Mada iliyotolewa kwa wafugaji wa kuku katika mkutano wa kata



Mnunuzi afikapo sokoni huokota yai, akalitazama kaka, kisha akauliza bei. Wapo wanaoamini kuwa yai la kahawia lina lishe kuliko jeupe. Imani hiyo haina msingi: rangi ya kaka hutokana na urithi wa kuku, bali lishe ya yai na wekundu wa kiini hutokana na chakula alichokula. Hata hivyo, rangi inayopendwa huuzika, na mfugaji anayo haki ya kuitafuta. Lililo muhimu ni kujua anachokipata na anachoweza kukipoteza.

Kila kaka huanza likiwa jeupe. Yai hukaa tumboni mwa kuku saa 20 hivi likijengewa kaka la chokaa, na rangi ya kahawia hupakwa juu yake katika saa za mwisho. Ndiyo maana yai la kahawia likipasuliwa, upande wa ndani huwa mweupe. Wapo pia kuku aina ya Araucana, wenye asili ya Chile, ambao mayai yao ni ya buluu hadi ndani ya kaka. Mwaka 1933, mwanasayansi wa Uingereza Reginald Punnett alieleza kuwa kifaranga akirithi rangi hiyo kwa mzazi mmoja tu, hutosha kuonekana. Kuku huyo akichanganywa na mtagaji wa kahawia, kahawia hupakwa juu ya buluu, na yai likawa la kijani.

Jogoo hatagi, lakini huchangia nusu ya urithi wa mabinti zake. Kwa hiyo anayetaka mayai ya kahawia achague pora aliyeanguliwa katika yai la kahawia. Akibadili jogoo, asubiri wiki 3 kabla ya kuweka mayai ya kuatamiwa, kwa kuwa mbegu za jogoo wa awali hudumu mwilini mwa tetea. Tena jogoo asiachwe kupanda binti zake. Majirani wabadilishane majogoo.

Hapa pana jambo la kuzingatia. Kuku wa mayai wa kisasa wameteuliwa vizazi vingi kwa ajili ya kutaga, na desturi ya kuatamia imepungua sana miongoni mwao. Chotara wao hutaga kuliko kuku wa kienyeji, lakini wengi hawaatamii ipasavyo. Kaya isiyo na mashine ya kutotolesha ikiuza matetea yake yote ya kienyeji kwa tamaa ya rangi na wingi wa mayai, mwaka unaofuata italazimika kununua vifaranga. Ni busara kubakiza matetea mawili au matatu yanayojulikana kuwa walezi wazuri, na kuyapa mayai ya chotara yaatamie kwa siku 21.

Tetea aliye tayari kuatamia hulala kiotani, huvimbisha manyoya na kudonoa mkono unaomkaribia. Ikiwa hahitajiki kuatamia, asichovywe majini wala kufungwa kamba. Awekwe siku chache katika kizimba cha wavu kilichoinuliwa, chenye mwanga, chakula na maji, bila kiota.

Kuku pia wana ngazi ya ukubwa. Mwaka 1921, Thorleif Schjelderup-Ebbe wa Norway aliandika jinsi kila kuku anavyomjua wa kumdonoa na wa kumpisha. Wahenga wa Kiswahili walikwisha kusema: kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Mgeni atengwe wiki 2 ili afya yake ionekane, kisha aingizwe bandani usiku, na vyombo vya chakula viwe zaidi ya kimoja ili wanyonge nao wale.

Mwisho, rangi huweza kuwa onyo. Tetea wa mayai ya kahawia akishtushwa na mbwa au akizeeka, mayai yake hupauka. Lakini mayai ya kuku wengi yakipauka kwa pamoja, makaka yakawa laini, na kuku wakakohoa, wakaharisha kijani au kupinda shingo, huenda ni kideri. Ugonjwa huo hauna tiba, una kinga. Chanjo ya I-2 hutolewa tone 1 jichoni kila baada ya miezi 3, kwa kuku wote wazima na kwa siku moja. Dalili zikionekana, Afisa Mifugo wa kata aarifiwe mara moja, na kuku wasipelekwe mnadani.

Chotara mmoja mwenye yai zuri hupatikana kwa msimu mmoja. Ukoo wa matetea wanaojua kulea ulijengwa na vizazi vya bibi na babu, nao ukiisha bandani haurudi kwa urahisi.